Maaskofu na Wachungaji Wetu, Tusomeeni Majina

Kwa Baba Maaskofu, mapadre, wachungaji na wazee wa makanisa yote ya Kenya,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Eastlands hapa Nairobi. Kwa miaka 26 nimekaa kiti kilekile kanisani, safu ya nne, upande wa kushoto, karibu na dirisha. Nimefundisha shule ya Jumapili, nimepikia wageni wa dayosisi chai na mandazi, nimekesha kesha za mwaka mpya hata sikumbuki ni ngapi. Nawaandikia kama mtoto wa nyumbani anayezungumza na wazee wake. Ningeweza kuja ofisini nikaongea polepole, lakini jambo ninalolileta, kuuawa kwa vijana wetu katika maandamano na majina yao kutosomwa kanisani, lilitendeka hadharani, na wanaoumia nalo ni wengi kuliko mimi.

Tarehe 25 Juni 2024 kifungua mimba wangu aliondoka asubuhi na bendera shingoni, chupa ya maji na dawa ya meno, ambayo aliniambia ni ya kupaka usoni vitoa machozi vikizidi. Alikwenda mjini kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Mchana huo wabunge 195 waliupitisha, vijana wakaingia bungeni, risasi zikalia. Simu yake ilizima saa tisa alasiri. Alifika nyumbani saa tano usiku na kiatu kimoja, akanikumbatia bila kusema neno. Nilipiga magoti pale pale mlangoni nikamshukuru Mungu. Na kabla sijainuka, nikakumbuka kwamba usiku huohuo kuna mama anayezunguka kutoka hospitali hadi kituo cha polisi, na kutoka kituo cha polisi hadi chumba cha maiti, naye asubuhi alikuwa ameomba sala ileile niliyoomba mimi. Tangu usiku ule sijaweza kutoa ushuhuda kwamba Mungu alinilindia mwanangu. Nikianza, sauti inakwama.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ibadani nikiwa na njaa ya neno moja tu. Siasa sikuitaka. Nilitaka mtu asimame madhabahuni aseme: watoto wetu wamekufa. Tuliimba nyimbo za sifa. Tukaombea "amani ya taifa" na "viongozi wetu" kwa dakika mbili hivi. Ukatangazwa mchango wa paa. Mahubiri yakawa juu ya utii. Tulipopewa baraka na kutoka, tulisimama nje juani tukinong'onezana majina ambayo ndani hayakutajwa hata moja. Simtaji mchungaji yule wala kanisa lile, maana ndugu na marafiki wa makanisa mengine waliniambia kwao ilikuwa vivyo hivyo, na maana yeye ni mtu mwema aliyemzika mume wangu na kunitembelea siku arobaini zilizofuata. Nadhani aliogopa. Mimi pia niliogopa, ndiyo sababu sikusimama.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule. Wengine walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na familia zikabaki zikiweka sahani ya chakula kwa mtu asiyejulikana kama yuko hai. Mwaka uliofuata, Juni 2025, mwalimu kijana alikufa mikononi mwa polisi kwa sababu ya maneno aliyoandika mtandaoni, na mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi ya kichwa barabarani mchana kweupe. Kisha ikaja tena 25 Juni, kisha Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, tukazika wengine. Sitayaandika majina yao hapa. Mahali pa kuyataja ni mbele za Mungu, na familia zao zikiwa zimeulizwa kwanza. Ndilo ombi langu lote, na sasa nitaeleza kwa nini.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21, kuna mwanamke anayeitwa Rispa binti Aya. Sijawahi kusikia mahubiri juu yake, na nimesikia mahubiri mengi. Nchi ilikuwa na njaa ya miaka mitatu, Daudi akauliza kwa Bwana, akaambiwa kuna damu juu ya nyumba ya Sauli. Daudi akatafuta suluhisho la kisiasa: akatoa wanaume saba wa ukoo wa Sauli wauawe, na wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa. Miili ikaachwa mlimani. Rispa hakuwa na jeshi wala cheo. Alitwaa nguo ya gunia akaitandika juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama wa mwitu usiku. Hebu fikirini harufu. Fikirini wapita njia waliomwambia, mama, nenda nyumbani, yamekwisha. Habari zikamfikia mfalme. Daudi akaona aibu, akaenda kuchukua mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa imekaa mbali miaka yote ile, akaikusanya pamoja na mifupa ya wale saba, akaizika kwa heshima katika kaburi la babu yao.

Sasa someni mstari wa 14 mpaka mwisho, wazee wangu. Unasema kwamba baada ya hayo Mungu akaombeka kwa ajili ya nchi. Baada ya hayo! Njaa ilikuwa na miaka mitatu, na naamini makuhani waliomba kila siku ya miaka ile. Maombi juu ya nchi yalisikiwa wafu walipokwisha kupewa heshima yao, na aliyelazimisha wapewe ni mama mmoja aliyekataa kuondoka kwenye mwamba.

Sisi tumegeuza mpangilio huo. Tunaombea nchi kwanza, na wafu tunawaachia familia zao. Tarehe 28 Mei 2025, kwenye maombi ya kitaifa yanayofanyika asubuhi pamoja na kifungua kinywa, Rais aliwaomba vijana msamaha kama kuna mahali walikosewa. Nilisikia redioni nikiwa jikoni, nikasema amina, na niliisema kwa moyo. Hazikupita hata wiki mbili mwalimu yule akafa. Simhukumu mtu hapa. Sijui moyo wa mwanadamu. Ila nawauliza ninyi mliokaa meza ile: ni nani kati yenu aliyesimama kusema kwamba msamaha una njia yake, kwamba Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alipotubu alisema nani atarudishiwa nini na mara ngapi? Mwezi Agosti mwaka huo likaundwa jopo la kushughulikia fidia, likazuiwa mahakamani. Waache mawakili wabishane, ndiyo kazi yao. Fidia ni haki ya familia. Kuomboleza pamoja nao ni kazi yetu sisi wa kanisani, na haihitaji amri ya mahakama.

Mtaniambia kanisa la Kenya halina mazoea hayo. Lina! Ng'ambo ya barabara kutoka Uhuru Park kuna Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale bustanini, wakagoma kula, wakidai wana wao 52 waachiliwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawashambulia kwa rungu na vitoa machozi. Wangari akapigwa hadi akazimia, na akina mama wengine wakavua nguo zao mbele ya askari wale, laana ambayo kila Mwafrika anaielewa bila kutafsiriwa. Walipofukuzwa bustanini waliingia kanisani, na Provosti Peter Njenga, mkuu wa kanisa lile, akawapokea. Walikaa katika chumba kilicho chini ya kanisa lile karibu mwaka mzima. Maneno yao yakawafikia wakubwa jinsi ya Rispa yalivyomfikia Daudi, na mwanzoni mwa 1993 wana wao wakaachiliwa, wote isipokuwa mmoja.

Nilikuwa msichana wakati huo, nafanya kazi ya kushona mjini. Nilipita pale mara mbili kuwapelekea mkate na maziwa. Sikuwa Mkristo wa kweli bado, nilikwenda kwa sababu bosi wangu alinituma. Harufu ya mishumaa, blanketi na jasho la akina mama wazee, pamoja na sauti zao za chini zikiimba nyimbo za Kikuyu na Kiluo na Kiswahili, ndiyo iliyonifanya niamini kwamba Mungu yupo. Mtu akiniuliza leo kwa nini nimeokoka, jibu langu linaanzia mlango ule uliofunguliwa.

Na sitaki kuwapaka rangi waliotangulia. Tuliwahi kuwa na Askofu Alexander Muge, ambaye waziri alimwonya kwamba akikanyaga Busia hatatoka salama, akaenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Tuliwahi kuwa na Mchungaji Timothy Njoya, aliyepigwa ndani ya Watakatifu Wote Saba Saba ya 1997. Lakini pia tuliwahi kuwa na mwaka 2007, ambapo mimbari ziligawanyika kwa kabila kama ramani ya kura. Watu zaidi ya 1,100 walikufa baada ya uchaguzi ule, na huko Kiambaa karibu na Eldoret waliokimbilia kanisani walichomwa humo siku ya mwaka mpya, wengi wao wanawake na watoto. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri waziwazi kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande, na ndiyo sababu sauti yao ilikosa nguvu. Lile ungamo liliniponya kidogo. Mnajua kukiri. Nimewaona mkikiri.

Nije sasa kwenye tumaini, maana najua kuna watakaosema huyu mama anataka kanisa liwe matanga mwaka mzima.

Tunapenda kuimba kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi na uaminifu wake ni mkuu. Maneno hayo yametoka Maombolezo sura ya tatu. Sura mbili zinazotangulia zimejaa maiti za vijana na wazee barabarani, watoto wanaozimia kwa njaa mapajani mwa mama zao, na mji uliokaa peke yake kama mjane. Aliyeandika "rehema zake hazikomi" aliandika akiwa ameketi majivuni, na baada ya kuandika hivyo akaendelea kulia sura mbili zaidi. Kitabu kinaisha akimuuliza Mungu kama amewakataa kabisa. Hakijibiwi, na bado kimo ndani ya Biblia. Tunapokata mistari ile mitatu na kuiacha mingine, vijana wetu wanaonja tumaini lisilo na chumvi, wanalitema. Wanaondoka. Mwanangu mdogo ameondoka. Aliniambia, "Mama, huko mnaimba kama watu wasiosoma habari." Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Wale wanawake wa Pasaka nao hawakuwa na jibu. Walikuwa wakienda kumpaka manukato mtu aliyeuawa kwa amri ya serikali, siku mbili tu zilizopita, na njiani wakaulizana ni nani atakayewavingirishia lile jiwe. Hawakujua. Walikwenda hivyohivyo, na chupa zao mkononi. Kama wangengoja mpaka jiwe lipate mtu wa kulisukuma, habari ya ufufuo wangeisikia kwa wengine. Hilo ndilo tumaini ninalolifahamu: kwenda kuuhudumia mwili uliodharauliwa wakati hujui jiwe litaondokaje. Yaliyobaki anayafanya Mungu.

Mwaka ule wa 2024 niliona jambo ambalo lingepaswa kuwafurahisha ninyi kuliko mtu yeyote. Vijana ambao tunasema hawana dini walisimama mbele ya magari ya kurusha maji wakaimba wimbo wa taifa, kwa Kiswahili, mpaka mwisho. Wimbo ule ni sala tangu neno la kwanza. Unamwita Mungu, halafu unaomba haki, ndipo unaomba undugu, amani na uhuru. Na haki ndiyo inayopewa kazi ya ngao na mlinzi. Mahadhi yake yametoka kwenye wimbo wa akina mama Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea mtoto. Watoto wetu walikuwa wakiimba sala kwa sauti ya mama mbele ya bunduki. Majeruhi wao walipotafuta mahali pa kuhudumiwa, Msikiti wa Jamia uliwafungulia, Mungu awabariki ndugu zetu wale. Kuna makanisa yaliyofungua pia. Kuna mengine yaliyofunga lango kwa kufuli, na wale waliolikuta limefungwa hawatasahau.

Nisiache kusema hili. Katika kwaya yetu kuna mama ambaye mwanawe ni askari. Alikuwa kazini siku ile. Hajaniambia alifanya nini, nami sijamuuliza, lakini najua mama yake anakunywa dawa za usingizi. Pia najua mwanamke ambaye kibanda chake cha nguo kiliporwa na kuchomwa Juni 2025, mkopo wa chama ukibaki shingoni mwake. Hao wote waje. Mbele za Mungu kuna nafasi ya kumlilia aliyeuawa, na ya kumlilia aliyefilisika, na hata ya kumlilia kijana aliyefundishwa kuelekeza bunduki kwa jirani yake. Kinachonishinda ni kukaa na hawa wote katika kiti kimoja, kila Jumapili, tukijifanya hatujui kilichotokea.

Kuhusu Warumi 13, ile sura inayosema tutii wenye mamlaka, nimeisoma. Naitii serikali: nalipa kodi, nimepanga foleni ya kitambulisho, nawaombea wakubwa kwa majina. Aliyeiandika barua ile ndiye aliyepigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, kama tunavyosoma katika Matendo 16, na kesho yake mahakimu walipotuma watu wamtoe gerezani kimyakimya, Paulo akakataa kutoka. Akasema waliotupiga hadharani waje wenyewe watutoe. Walikuja. Ningependa siku moja nisikie sura hizo mbili zikisomwa katika ibada moja.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walinena juu ya utamaduni wa uongo nchini, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zilizotolewa na Rais katika kanisa la Soweto hapa Nairobi zirudishwe. Mimi ni Mwanglikana, na nilipiga vigelegele jikoni hadi jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Bahasha za wanasiasa zitarudi, na vipaza sauti vitaombwa. Paa letu linavuja, na mimi nimechanga na nitachanga tena. Afadhali tuweke ndoo chini ya tundu kuliko kumpa kipaza sauti mtu asiyeweza kumtazama machoni mama aliyekaa safu ya tatu.

Basi ninachoomba ni hiki. Jumapili iliyo karibu na 25 Juni, kila mwaka, katika kila kanisa la nchi hii lenye paa la mabati au la vigae au lililo chini ya mti, majina ya waliouawa yasomwe. Yasomwe polepole, na mtu anayejua kuyatamka, kwa sababu yanatoka kila pembe ya Kenya na jina lililoharibiwa linaumiza mara ya pili. Familia isiyotaka jina la mtoto wao litajwe, na tunajua zipo zinazoogopa, iwashiwe mshumaa bila jina. Waliochukuliwa na hawajulikani waliko waombewe kama watu walio hai. Halafu tukae kimya, kimya cha kweli, bila kinanda. Mtu asisome haraka mistari ya kufariji. Baada ya hapo mkituambia Kristo amefufuka, tutaitika, na nina hakika hata waliokaa nje langoni wataitika.

Hili halihitaji bajeti wala ruhusa ya mtu. Mkisema ni hatari, sitabisha. Sisi akina mama tuko tayari kukaa viti vya mbele siku hiyo ili mchungaji asisimame peke yake. Tumezungumza, tuko kumi na wawili kanisani kwetu, na mkubwa wetu ana miaka 81.

Nina daftari la shule la kurasa 96. Nimekuwa nikiandika humo kila jina nililolisoma gazetini au kulisikia redioni, pamoja na umri na mahali, tangu Juni ile. Mengine yana alama ya kuuliza kando kwa sababu magazeti mawili yameyaandika tofauti. Hayo yatahitaji familia zitusaidie. Daftari linakaa kwenye mkoba wangu wa kanisani pamoja na Biblia na miwani. Jumapili hii nitakuwa safu ya nne, upande wa kushoto, karibu na dirisha. Mchungaji akikosa msomaji, aniite, nitasimama.

Ni mimi, mama yenu na dada yenu katika Kristo,
Eastlands, Nairobi